Kuhariri Picha Arusha: Kulipa Pango au Kuchukua cha Bure?

Mpiga picha wa kujifurahisha anayeishi Lemara, jijini Arusha, hahangaiki kutafuta cha kupiga. Asubuhi isiyo na mawingu Mlima Meru, wenye urefu wa mita 4,566, umesimama wazi upande wa kaskazini. Hifadhi ya Taifa ya Arusha, pamoja na mbega wake, Kreta ya Ngurdoto na heroe wa Maziwa ya Momella, ni safari ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Kinachomtoa jasho huja jioni, kamera ikishaunganishwa na kompyuta: ahariri kwa programu gani, na ailipieje?

Zamani jibu la swali la pili lilikuwa jepesi. Adobe, kampuni ya Marekani iliyotoa Photoshop mwaka 1990 na Lightroom mwaka 2007, iliuza programu zake kama bidhaa nyingine yoyote: mteja analipa mara moja, anaondoka na mali yake. Mei 2013 ikatangaza kwamba matoleo mapya ya Photoshop yatapatikana kwa malipo ya kila mwezi au mwaka tu. Lightroom 6, iliyotoka 2015, ndiyo ya mwisho kuuzwa moja kwa moja. Tangu hapo mnunuzi amegeuka mpangaji. Akiacha kulipa, Lightroom Classic humwachia nafasi ya kuziona picha zake na kuzitoa, lakini sehemu ya kuhariria hufungwa.

Na pango limepanda. Mpango maarufu wa dola 9.99 kwa mwezi, wenye hifadhi ya GB 20 mtandaoni, ulifungwa kwa wateja wapya Januari 2025. Mgeni anayetaka Photoshop na Lightroom kwa pamoja sasa anaelekezwa kwenye mpango wa dola 19.99 kwa bei ya Marekani. Dola ikiwa shilingi 2,500, hiyo ni karibu shilingi 600,000 kwa mwaka, bila kuhesabu VAT, ambayo tangu Julai 2022 kampuni za nje zinazouza huduma za kielektroniki kwa Watanzania zinatakiwa kujisajili TRA ili kuilipa. Tena bei ni ya dola, na dola haitulii: mwaka 2024 ilivuka shilingi 2,700 kabla ya kushuka. Anayeuza picha kwa hoteli au kupiga harusi atairudisha fedha hiyo. Anayepiga heroe kwa raha zake atairudisha wapi?

Kuna gharama nyingine ambayo matangazo hayaitaji, nayo ni bando. Faili ghafi, yaani RAW, ya kamera ya megapikseli 24 huwa na ukubwa wa MB 25 hivi. Picha 400 za siku moja Momella ni GB 10. Lightroom ile ya mtandaoni hupandisha mafaili yanayoingizwa humo kwenye hifadhi ya kampuni, na kwa mtu anayetegemea intaneti ya simu, kila matembezi yanaweza kula bando mara mbili: kupandisha, kisha kuteremsha kwenye kifaa kingine. Lightroom Classic huziacha picha kwenye diski ya mwenyewe. Majina yanafanana mno, na mtu anaweza kugundua tofauti bando likiwa limekwisha.

Njia ya mkato inajulikana: kopi iliyokrakiwa, inayopita mkono kwa mkono kwenye flashi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inazilinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu na muziki, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 imeongeza uzito. Hata akiiweka sheria kando, kraki mara nyingi humtaka mtumiaji azime kinga ya virusi ili iingie, jambo la ajabu kumruhusu mtu usiyemjua kwenye kompyuta yenye picha zako zote. Mpiga picha anayelalamika kwamba picha zake zinaibwa Instagramu naye anapaswa kujiuliza ameketi upande gani.

Cha bure halali kipo, tena kingi, ila si cha aina moja. Kuna kinachotolewa na watengenezaji wa kamera wenyewe: Nikon wana NX Studio tangu 2021, Canon wana Digital Photo Professional, Sony wana Imaging Edge. Mwenye kamera ya mtumba huenda hata hajui kwamba anastahili programu hizo. Huenda polepole, lakini rangi zake hufuata zile za kamera, na kwa anayeanza zinatosha.

Kuna pia kinachotolewa na kampuni kwa hisani, na hisani ina mwisho. Google ilipoifunga Picasa mwaka 2016, waliopanga albamu zao humo walibaki na programu isiyoendelezwa. Mwaka huo huo iliigawa bure Nik Collection, mkusanyiko wa zana za kuhariri picha. Mwaka uliofuata ikaiuza kwa DxO ya Ufaransa, na matoleo mapya yakawa ya kulipia. Kwa hiyo Affinity, ambayo kampuni ya Canva iliinunua 2024 na kuifanya ya bure Oktoba 2025, ichukuliwe kwa furaha na tahadhari. Ni programu nzuri sana, pengine mshindani wa karibu kabisa wa Photoshop, ingawa zana zake za akili unde ni za wanaolipia Canva.

Aina ya tatu haina mwenye kuiuza. GIMP ilianzishwa 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na toleo lake la 3.0 lilitoka Machi 2025 baada ya kusubiriwa miaka mingi. RawTherapee na darktable husafisha faili ghafi, na darktable hutoa toleo jipya takriban kila miezi sita. Zote tatu hufanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Ubaya wa darktable ni kwamba humtisha mgeni kwa wingi wa vitufe, na huilemea kompyuta kuukuu.

Uvumilivu wa kujifunza vitufe hivyo una malipo yake Meru. Mbega ana manyoya meupe pe juu ya mwili mweusi, ndani ya msitu wenye giza. Kitufe cha kurekebisha kila kitu kwa mpigo mmoja kikiokoa nyeupe hupoteza nyeusi. Shuka nyekundu ya Mmasai juani hugeuka bapa lisilo na mikunjo. Uso mweusi kando ya gauni jeupe la harusi huweza kufifishwa hadi ukawa kijivu. Hapo panahitajika mkono unaojua kivuli kiongezwe kiasi gani, na mkono huo unafundishika kwa programu ya bure sawasawa na ya kulipia.

Kwa anayeanza Lemara, basi: apige RAW, atumie programu ya mtengenezaji wa kamera yake, kisha ahamie RawTherapee au darktable, na Affinity au GIMP kwa marekebisho makubwa. Anayepiga kwa simu ana Snapseed, ya bure. Adobe isubiri hadi picha zenyewe ziingize fedha ya kuilipia. Na kabla ya kuhama programu yoyote atoe nakala za JPEG au TIFF za picha alizokwisha kuhariri, kwa sababu marekebisho ya Lightroom hayafunguki yalivyo ndani ya darktable.