Wasomaji Kabla ya Nakala

Mwandishi anayejichapishia kitabu chake cha kwanza karibu kila mara huanza na swali moja: nichape nakala ngapi? Mchapaji, awe wa Dar es Salaam au wa Nairobi, atamjibu kwa hesabu tamu. Nakala mia mbili zina bei kali kwa kila moja. Zikifika elfu moja, bei ya nakala inashuka sana. Wala hamdanganyi. Kwenye mtambo wa ofseti fedha nyingi huliwa mwanzoni, kwenye pleti na kuutayarisha mtambo, kisha gharama hiyo hugawanywa kwa idadi ya nakala. Ila nakala nafuu isiyonunuliwa ni hasara. Miezi michache baadaye maboksi yako chini ya kitanda, unyevu umeanza kukunja majalada, na mwandishi anawalaumu Waswahili kwa kutopenda kusoma.

Lawama hiyo siikubali. Wasomaji haohao ndio walionunua magazeti ya mwandishi Eric Shigongo kufuata hadithi zilizotoka kipande kwa kipande. Mtu alilipa bei ya gazeti, akasoma, akangoja toleo lijalo, akabishana na wenzake kazini juu ya nani atamuua nani. Hadithi ilipokuja kutoka ikiwa kitabu, mnunuzi alikwishakuwepo na jina la mwandishi alikuwa nalo mdomoni. Kujichapishia nako si jambo la leo. Shaaban Robert alikuwa na kampuni yake ya uchapishaji Tanga, na Ben Mtobwa alianzisha yake, Heko. Kilichobadilika ni njia ya kumfikia msomaji, maana gazeti limehamia kwenye simu.

Waandishi wengi wa riwaya Tanzania wanaijua njia hii mpya: sehemu za mwanzo zinatolewa bure, na anayetaka kuendelea analipa kiasi kidogo kwa simu kisha anatumiwa zilizobaki. Sina ugomvi nayo, tena naipendekeza, lakini inafanywa kwa pupa. Kwanza, mahali pa kukatia. Bastola imeinuliwa, mlango umegongwa, itaendelea! Msomaji amekwishachoka na milango inayogongwa. Anayerudi kesho ni yule aliyeachwa na jambo la kumfikirisha: mama amegundua fedha za ada ya mwanawe zilikopeshwa na mwanamume aliyeapa kutomsemesha tena, nayo ada inatakiwa Jumatatu. Pili, sehemu za bure ziwe ndizo bora kuliko zote, zilizohaririwa kama za kitabu. Nimeona watu wakirusha rasimu iliyojaa makosa ya tahajia kwa hoja kwamba ni ya bure. Msomaji haoni ubure wake. Anaona jinsi unavyoandika.

La tatu ndilo linalopuuzwa zaidi, nalo ndilo lenye fedha. Wafuasi elfu kumi kwenye mtandao wa kijamii si wako. Mwenye mtandao ndiye anayeamua ni wangapi kati yao wataona ulichoandika leo. Namba ya simu ya msomaji aliyekuomba umjulishe kitabu kikitoka ni mali yako kweli. Kwenye WhatsApp kuna makundi, na kuna orodha ya kutuma ujumbe mmoja kwa wengi, ambapo kila mtu anaupokea peke yake. Mimi nachagua orodha. Kundi huvamiwa na wauza viatu na watuma dua za alfajiri, na kila aliyemo anaiona namba ya mwenzake. Ila orodha ina sharti lake: ujumbe humfikia tu yule aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Kwa hiyo ombi lako la kwanza kwa msomaji lisiwe "nunua". Mwombe ahifadhi namba yako, kwa jina la mhusika wako ukitaka, maana hilo humchekesha na halisahauliki. Mwombe ridhaa waziwazi, usizoe namba kwenye makundi ya harusi; Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, na Tanzania ilitunga yake 2022.

Orodha hiyo ndiyo itakayokujibu lile swali la nakala. Tangaza bei, pokea malipo ya awali kwa simu, kwa lipa namba au Till, halafu chapa kwa idadi ya waliolipa na ziada kidogo. Kwa nakala mia moja au mia na hamsini, mashine ya dijitali inatosha. Bei ya kila nakala ni kubwa zaidi, lakini hakuna boksi linalolala. Wa mikoani hutumiwa kwa basi, na risiti ya kifurushi hupigwa picha na kurushwa kwao siku hiyohiyo. Uaminifu wa namna hii huuza kuliko bango lolote.

Duka la vitabu lisidharauliwe, ila hesabu yake ijulikane. Kwa kawaida utapeleka kwa mali kauli, yaani utalipwa baada ya kuuzwa, na duka litabaki na sehemu nene ya bei. Tuseme kitabu kinauzwa shilingi 15,000 za Tanzania, uchapaji umekula 6,000, duka linachukua 5,000. Umebakiwa na 4,000, na humo bado kuna nauli na muda wa kudai. Nairobi, duka la Nuria limejijengea jina kwa kupokea vitabu vya waandishi wanaojichapishia. Huko kupeleka kuna maana, kwa sababu mteja anakwenda akijua atavikuta. Namba ya ISBN, inayotolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba kwa Tanzania na huduma ya maktaba ya taifa kwa Kenya, ichukuliwe mapema. Inafungua milango ya maduka na maktaba. Lakini haikuletei msomaji hata mmoja.

Na uzinduzi? Ukumbi, vitambaa, mgeni rasmi anayenunua nakala moja kwa laki tano huku akipigwa picha. Ni sherehe nzuri ya familia. Lakini wengi wa waliokaa pale wamekuja kwa ajili yako, si kwa ajili ya hadithi, na kitabu cha pili hawatakiulizia.

Na kwenye kitabu cha pili ndiko faida iliko, kwa kuwa kila anayekipenda hurudi kutafuta cha kwanza. Muhammed Said Abdulla alimleta mpelelezi Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, akamrudisha katika Kisima cha Giningi na vingine vilivyofuata. Elvis Musiba alikuwa na Willy Gamba, Mtobwa akawa na Joram Kiango. Msomaji aliyesahau jina la mwandishi hakumsahau mpelelezi. Kama hadithi yako inamruhusu mhusika kurudi, usimuue kwenye ukurasa wa mwisho kwa kutafuta machozi. Ukurasa huo uutumie kwa kazi nyingine: weka pale namba yako ya simu, na chini yake aya mbili za mwanzo za kitabu kinachofuata.