Tuzo za Muziki Tanzania

Tuzo za Muziki Tanzania (kwa kifupi TMA, kwa miaka mingi zilijulikana zaidi kama Tuzo za Kili au Kili Music Awards) ni tuzo za kitaifa zinazotolewa kwa wanamuziki, watunzi, watayarishaji na bendi za nchini Tanzania. Zilianzishwa mwaka 1999 chini ya Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA). Jina la Kili lilitokana na mdhamini mkuu, yaani bia ya Kilimanjaro Premium Lager inayotengenezwa na kampuni ya Tanzania Breweries Limited (TBL). Sherehe za kukabidhi tuzo hufanyika jijini Dar es Salaam.

Tuzo hizi zilisimama baada ya hafla ya mwaka 2015, zikarudishwa na serikali kwa hafla ya tarehe 2 Aprili 2022.

Historia

Kuanzishwa

Katikati ya miaka ya 1990 vituo binafsi vya redio na televisheni vilianza kurusha matangazo nchini Tanzania. Kabla ya hapo, Radio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyokuwa mlango mkuu wa mwanamuziki kusikika nchi nzima, na nyimbo nyingi zilizorekodiwa huko zilikuwa za bendi za dansi, taarabu, kwaya na ngoma. Redio mpya zilifungua nafasi kwa vijana waliokuwa wakiimba rap na R&B kwa Kiswahili, na muziki wao ukaja kuitwa Bongo Flava. Kufikia mwisho wa muongo huo, nchi ilikuwa na aina nyingi za muziki zilizokuwa zikigombea masikio yaleyale.

Katika hali hiyo lilizuka wazo la kuwa na tuzo moja ya taifa. Mmoja wa watu wanaotajwa sana katika kuanzishwa kwake ni mwanamuziki James Dandu, aliyejulikana pia kama Mtoto wa Dandu, ambaye aliwahi kuishi na kufanya muziki nchini Uswidi. Dandu alifariki dunia mwaka 2002 kwa ajali ya gari.

BASATA, iliyoundwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 1984, ndiyo iliyobeba tuzo hizo chini ya Wizara ya Elimu na Utamaduni ya wakati huo. Mwaka huohuo wa 1999 Bunge lilipitisha sheria ya hakimiliki na hakishiriki (Sheria Na. 7 ya 1999), ambayo ndiyo ilikuwa msingi wa kuundwa kwa Chama cha Hakimiliki Tanzania (COSOTA).

Kipindi cha Kili

Udhamini wa TBL uliipa hafla fedha, matangazo ya televisheni na jukwaa kubwa. Kwa miaka kadhaa sherehe zilifanyika katika ukumbi wa Diamond Jubilee ulioko Upanga, kisha zikahamia ukumbi wa Mlimani City. Baada ya hafla, wasanii walizunguka mikoani katika maonyesho yaliyoitwa Kili Music Tour. Kwa wapenzi wa muziki walio mbali na Dar es Salaam, ziara hizo zilikuwa nafasi ya kuwaona kwa macho wasanii waliozoea kuwasikia redioni.

Kusimama na kurudi

Hafla ya mwaka 2015 ilikuwa ya mwisho katika kipindi hicho. Kwa miaka iliyofuata hapakuwa na tuzo ya taifa ya muziki, ingawa ni katika miaka hiyohiyo Bongo Flava ilipanuka sana nje ya mipaka ya nchi kupitia YouTube na huduma za kusikiliza muziki kwa intaneti.

Serikali, kupitia BASATA na wizara yenye dhamana ya utamaduni na sanaa, ilizirudisha tuzo hizo kwa jina la Tuzo za Muziki Tanzania. Hafla ya kwanza baada ya kurudi ilihusu kazi za mwaka 2021 na ilifanyika tarehe 2 Aprili 2022 katika Kituo cha Mikutano cha Kimataifa cha Julius Nyerere, Dar es Salaam. Hafla nyingine zilifuata mwaka 2023 na 2024.

Vipengele

Vipengele vimekuwa vikibadilika mwaka hadi mwaka kulingana na hali ya muziki. Kwa ujumla vimegawanyika katika makundi yafuatayo:

- Tuzo za jumla: wimbo bora wa mwaka, mwimbaji bora wa kiume na wa kike, mtumbuizaji bora, msanii bora chipukizi.
- Tuzo za aina za muziki: hip hop, R&B, Afro pop, zouk na rumba, reggae, ragga na dancehall, taarabu, muziki wa dansi.
- Tuzo ya wimbo wenye vionjo vya asili ya Kitanzania.
- Tuzo za watu wa nyuma ya pazia: mtunzi bora, mtayarishaji bora, video bora.
- Tuzo ya wimbo bora wa Afrika Mashariki, kwa wasanii wa nchi jirani. Miongoni mwa waliowahi kuitwaa ni Jaguar wa Kenya na Jose Chameleone wa Uganda.
- Tuzo za heshima kwa watu na taasisi zilizoutumikia muziki kwa muda mrefu.

Baada ya kurudi kwa tuzo, singeli ilipewa nafasi yake. Muziki huo wa kasi ulitoka katika vitongoji vya Dar es Salaam kama Manzese na Tandale, ukakua kupitia vigodoro na sherehe za mitaani. Kuingizwa kwake kulikuwa na maana kubwa, kwa kuwa kwa muda mrefu singeli ilichukuliwa kuwa muziki wa uswahilini usiostahili jukwaa rasmi.

Namna washindi wanavyopatikana

Utaratibu hauko sawa kila mwaka, lakini hatua zake kuu ni tatu. Kwanza hukusanywa kazi zilizotoka ndani ya kipindi kilichowekwa. Pili, kamati au jopo la wataalamu huchuja kazi hizo na kupata orodha fupi ya wanaowania kila kipengele. Tatu, washindi hupatikana kwa kura za wananchi, kwa uamuzi wa majaji, au kwa kuunganisha vyote viwili. Katika kipindi cha Kili kura zilipigwa hasa kwa ujumbe mfupi wa simu na kwenye tovuti.

Kila njia ina faida na kasoro zake. Kura za wananchi huonyesha wimbo unaopendwa, lakini humpa nguvu msanii mwenye mashabiki wengi wenye simu na salio, hata kama kazi yake ya mwaka huo si bora kuliko za wenzake. Majaji wanaweza kumwona mpiga gitaa hodari asiye na mashabiki wengi, lakini wao ni watu wachache, na mara nyingi wanaishi na kufanya kazi katika jiji lilelile wanakoishi wasanii wanaowahukumu.

Baadhi ya washindi

- Lady Jaydee (Judith Wambura), aliyezaliwa Shinyanga, ni miongoni mwa waliotwaa tuzo hizi mara nyingi, kuanzia miaka ya mwanzo ya 2000. Mwaka 2014 bado alikuwa akishinda.
- 2010: Diamond Platnumz alipata tuzo tatu kutokana na wimbo wake "Kamwambie", wakati huo akiwa ndiyo kwanza anachipukia.
- 2011: 20 Percent alitwaa tuzo tano. Nyimbo zake "Tamaa Mbaya" na "Ya Nini Malumbano" zilikuwa kati ya zilizompa ushindi.
- 2013: Kala Jeremiah, rapa kutoka Mwanza, alishinda wimbo bora wa mwaka kwa "Dear God".
- 2014: Diamond Platnumz alipata tuzo saba. Wimbo "Number One" ndio uliobeba sehemu kubwa ya ushindi huo.
- 2015: Ali Kiba, aliyekuwa amerudi baada ya ukimya, alishinda wimbo bora wa mwaka kwa "Mwana".
- Hafla ya Aprili 2022: Ali Kiba alikuwa miongoni mwa washindi wakubwa, na albamu yake "Only One King" ilipewa tuzo.

Katika kipengele cha vionjo vya asili, jina linalojirudia ni la Mrisho Mpoto, anayejulikana pia kama Mjomba. Sanaa yake huchanganya ughani wa mashairi na ala za asili.

Muziki wa asili na mikoa

Kuwa na kipengele kimoja tu cha muziki wa asili kumezua swali gumu. Tanzania ina makabila zaidi ya 120, na kila moja lina ngoma na nyimbo zake. Wimbo wenye "vionjo vya asili" kwa kawaida ni wimbo uliorekodiwa studio, ukiimbwa kwa Kiswahili, huku ngoma, marimba au zeze vikisikika ndani yake. Manju anayeimba kwa lugha ya kabila lake uwanjani hana njia rahisi ya kuingia katika orodha hiyo.

Mfano mzuri ni Usukumani, eneo linalojumuisha mikoa ya Mwanza, Shinyanga na Simiyu, pamoja na sehemu za Geita. Mkoa wa Simiyu, wenye makao makuu Bariadi, ulianzishwa mwaka 2012 kutoka Shinyanga. Huko mashindano ya muziki yalikuwepo muda mrefu kabla ya Tuzo za Kili. Wasukuma wana vyama viwili vikuu vya ngoma, Bagika na Bagalu, ambavyo asili yake ni karne ya 19. Baada ya mavuno, makundi ya pande hizi mbili hukutana uwanjani na kucheza kwa wakati mmoja, kila kundi upande wake. Watazamaji huwa huru kuhama, na kundi linalovuta umati mkubwa zaidi ndilo linaloshinda. Ndiyo maana kila kundi huja na jambo jipya la kushangaza watu: mtindo wa kucheza, mavazi, nyoka au fisi, nyimbo za mafumbo na kijembe kwa wapinzani. Mashindano ya aina hii huonekana pia katika sikukuu ya Bulabo, mwezi Juni, kwenye makumbusho ya Bujora karibu na Mwanza.

Hivyo mjadala wa kura au majaji si mgeni. Tofauti ni kwamba uwanjani kila kura huonekana kwa macho, kwa kuwa mpigakura husimama mbele ya kundi alilolichagua.

Ukosoaji

Tuzo hizi zimelaumiwa kwa mambo kadhaa. Baadhi ya wasanii wamewahi kuzisusia, na baadhi ya washindi wamepingwa na mashabiki waliodai wapo waliostahili zaidi. Hata baada ya kurudi kwa tuzo mwaka 2022, baadhi ya wasanii wakubwa hawakushiriki. Msanii mwenye mamilioni ya watazamaji mtandaoni anaweza kuona hahitaji tuzo ya taifa, lakini tuzo inayowakosa wasanii wanaosikilizwa zaidi hupungukiwa uzito mbele ya wananchi.

Lawama nyingine inahusu utegemezi. Kwa kuwa hafla iliegemea mdhamini mmoja, kuondoka kwake kulitosha kuisimamisha kwa miaka zaidi ya mitano. Tangu zirudi, serikali imekuwa mwandaaji mkuu. Hali hiyo imeleta swali lingine, kwa sababu BASATA ni chombo kilekile kinachosajili wasanii na chenye uwezo wa kuwaadhibu au kufungia nyimbo zao.

Ulinganisho na nchi nyingine

Katika nchi nyingi tuzo za muziki huendeshwa na wenye tasnia wenyewe. Tuzo za Grammy za Marekani, zilizoanza mwaka 1959, hutolewa kwa kura za wanachama wa chama cha wanamuziki na wataalamu wa kurekodi. Tuzo za ARIA za Australia, zilizoanza mwaka 1987, huandaliwa na chama cha kampuni za kurekodi muziki nchini humo. Katika Afrika Mashariki, Kenya ilikuwa na Tuzo za Kisima kuanzia mwaka 1994, na Uganda ilikuwa na Tuzo za PAM kuanzia mwaka 2003. Tuzo za Tanzania zinatofautiana na hizo kwa kuwa zilizaliwa ndani ya baraza la serikali, na baraza hilo ndilo lililozifufua.

Tazama pia

- Bongo Flava
- Singeli
- Taarab
- Muziki wa dansi
- Baraza la Sanaa la Taifa
- Wasukuma