Msimu wa Karibi: upepo, likizo za shule na bei ya chumba melini

Jumamosi alfajiri, kabla jua halijachomoza Miami, meli ya Icon of the Seas hufunga kamba gatini. Ina abiria 5,610 ikihesabiwa watu wawili kwa kila chumba, na zaidi ya 7,000 familia zikijazana na watoto. Wafanyakazi ni 2,350. Kufikia saa nne asubuhi, abiria wa wiki iliyopita wanakuwa wameshuka na masanduku yao. Saa tano wapya wanaanza kupanda. Katikati ya makundi hayo mawili mashuka yanabadilishwa, taka zinashushwa, vyakula vya siku saba vinaingizwa tumboni mwa meli, na alasiri inang'oa nanga tena. Haikulala bandarini hata usiku mmoja.

Anayetaka kuelewa bei za safari za Karibi aanzie hapo gatini. Meli iliyosimama hula fedha: mkopo wa kuijenga unadai, mishahara inadai, na mitambo yake inaunguza mafuta. Hoteli ya ufukweni ikikosa wageni yaweza kufunga ghorofa mbili na kuwapa wahudumu likizo. Meli haina namna ya kuacha nusu yake nyumbani. Kwa hiyo husafiri mwaka mzima, iwe Februari ya anga safi au Septemba ya vimbunga, na kazi ya kuijaza huachiwa bei. Msafiri akiuliza mwezi upi ni mzuri kwenda Karibi, bei aliyotajiwa imekwisha kulijibu swali hilo nusu. Nusu iliyobaki ni kujua imeshushwa kwa sababu gani, na hasara ikitokea itamwangukia nani.

Si biashara ndogo. Mwaka 2024 meli za kitalii zilibeba zaidi ya abiria milioni 34 duniani kote, na hakuna eneo linalowapokea wengi kuliko Karibi. Bandari ya Miami peke yake ilihudumia zaidi ya milioni 8 katika mwaka wake wa fedha wa 2024. Carnival Corporation, iliyoanza mwaka 1972 kwa meli moja iliyokwama kwenye mchanga nje ya Miami katika safari yake ya kwanza, iliingiza dola bilioni 25 mwaka huo wa 2024.

Kalenda mbili

Watu wa mwambao wa Afrika Mashariki hawana haja ya kufundishwa maana ya msimu. Neno lenyewe limetoka Kiarabu, na lilikuwa neno la mabaharia: majahazi yalishuka na kaskazi kutoka Arabuni na Ghuba, yakarudi na kusi. Hata leo meli za kitalii zinazotia nanga Mombasa na Zanzibar huja zaidi kati ya Novemba na Aprili. Karibi nayo ina kalenda ya upepo, lakini juu yake imewekwa kalenda ya pili, ya shule na sikukuu za Marekani.

Kalenda ya upepo husema hivi. Msimu wa vimbunga vya Atlantiki huanza rasmi Juni 1 na kumalizika Novemba 30, na kilele chake ni karibu na Septemba 10. Kuanzia katikati ya Agosti hadi katikati ya Oktoba ndipo bahari, iliyokwisha kupata joto la kiangazi chote, hulisha tufani kubwa. Kuanzia Desemba hadi Aprili anga hutulia, mvua hupungua, na pepo za biashara huvuma kutoka mashariki.

Kalenda ya shule haijali joto la bahari. Bei hupanda wiki ya Sikukuu ya Shukrani, ambayo ni Alhamisi ya nne ya Novemba. Hupaa Krismasi na Mwaka Mpya, hupanda tena katikati ya Februari, hubaki juu Machi wanafunzi wa vyuo wanapopata mapumziko, halafu Pasaka. Juni hadi katikati ya Agosti hupanda tena, ingawa msimu wa vimbunga umekwisha kuanza, kwa sababu mzazi mwenye watoto watatu hana wiki nyingine ya kusafiri.

Kalenda hizi mbili zinapopishana ndipo mwenye nafasi hupata mwanya. Mwanya wa kwanza ni wiki mbili za mwanzo wa Desemba. Wa pili ni Januari baada ya shule kufunguliwa. Wa tatu ni mwisho wa Aprili hadi Mei, kabla ya likizo ndefu. Wa nne, wenye bei ya chini kuliko yote, ni Septemba hadi katikati ya Oktoba.

Jambo jingine linalosukuma bei ni kuhamahama kwa meli zenyewe. Kiangazi cha kaskazini nyingi huwa Bahari ya Mediterania au Alaska. Oktoba na Novemba huvuka bahari kurudi Florida, na Aprili na Mei huondoka tena. Safari hizo za kuhama huchukua wiki mbili hivi, zina siku nyingi za bahari tupu na bandari chache, na huuzwa kwa bei nafuu kwa siku. Wastaafu wanazipenda. Mwenye likizo ya siku saba hazimfai.

Urahisi wa Septemba

Wahenga walisema rahisi ni ghali, na Septemba ya Karibi ni mahali pazuri pa kuupima msemo huo.

Kwanza tuondoe hofu. Meli ya kisasa hukimbia maili 20 za baharini kwa saa, au zaidi. Kimbunga katika maji ya tropiki mara nyingi husogea kilomita 15 hadi 30 kwa saa, tena kikifuatiliwa saa kwa saa na Kituo cha Taifa cha Vimbunga cha Marekani, ambacho kiko Miami hapo hapo. Nahodha hukipita mbali. Abiria aliyelipia Septemba hapotezi maisha. Anachoweza kupoteza ni safari aliyoinunua. Alikata tiketi ya St. Thomas na St. Maarten, akajikuta Cozumel, Meksiko. Mkataba wa safari, ule ambao wengi hubofya kuukubali bila kuusoma, kwa kawaida huipa kampuni haki ya kubadili njia au kuruka bandari. Kinachorudishwa mara nyingi ni ada ya bandari iliyorukwa, basi. Meli ikichelewa kurudi, tiketi ya ndege na hoteli ya usiku wa ziada vinaweza kubaki mzigo wa abiria.

Mara nyingi meli zinazobadili njia hukimbilia Nassau, mji mkuu wa Bahamas, na hilo lina sababu ya kisheria. Meli nyingi zimesajiliwa Bahamas, Panama au Malta, na sheria ya Marekani ya mwaka 1886 huzibana meli za bendera ya kigeni zinazochukua abiria Miami na kuwarudisha Miami, kwa hiyo hugusa nchi nyingine njiani. Nassau iko karibu, ina gati kubwa, na inatimiza sheria.

Kwa hiyo katika punguzo la Septemba abiria anabeba sehemu ya hatari. Kampuni hubeba kidogo, kwa sababu meli inageuzwa usukani. Fedha nazo hubaki humo humo: kwa Carnival, takribani theluthi moja ya mapato hutokana na baa, kamari, matembezi na mengineyo baada ya tiketi. Siku ya ziada baharini kwa sababu ya dhoruba ni siku ya ziada ya mauzo.

Asiyeweza kugeuza usukani ni kisiwa. Septemba 6, 2017 kimbunga Irma kiliivunjavunja St. Maarten, na siku 12 baadaye Maria ikaiangukia Dominica. Septemba 2019 Dorian ilikaa juu ya visiwa vya Abaco na Grand Bahama huko Bahamas kana kwamba imetia nanga. Julai 2024 Beryl ilibomoa karibu nyumba zote za kisiwa cha Carriacou, Grenada. Oktoba 28, 2025 Melissa ilitua magharibi mwa Jamaika ikiwa katika daraja la tano, la juu kabisa. Kila mara meli zilibadili ratiba ndani ya siku moja, huku mwenye kibanda cha vinyago, dereva wa teksi na mpishi wa samaki wakisubiri miezi.

Kampuni nazo zimejijengea mahali pa kukimbilia. Norwegian Cruise Line ilinunua kisiwa cha Great Stirrup Cay, Bahamas, tangu mwaka 1977. Royal Caribbean ilitumia dola milioni 250 kuibadilisha CocoCay, kisiwa chake huko Bahamas, iliyofunguliwa upya mwaka 2019. Carnival ilifungua bandari yake ya Celebration Key katika Grand Bahama Julai 2025. Meli ikiacha bandari ya mji na kwenda kisiwa cha kampuni, bia ya ufukweni nayo inaingia kwenye mauzo ya kampuni ile ile. Serikali za nchi zinazotembelewa zinajaribu kupata chao kwa ada ya kila kichwa. Meksiko ilianza kutoza dola 5 kwa abiria Julai 2025.

Karibi si moja

Anayesema "hali ya hewa ya Karibi" ni kama anayesema hali ya hewa ya Afrika Mashariki. Kuna njia nne kuu. Ya mashariki, ya St. Thomas na St. Maarten, tumekwisha kuitaja; tatu zilizobaki kila moja ina miezi yake.

Njia ya kaskazini na Bahamas ni fupi, siku tatu hadi tano, na ndiyo ya bei ya chini. Lakini Januari hewa baridi kutoka bara la Amerika Kaskazini hushuka hadi Nassau, na ufukwe ukawa wa kutazama tu, si wa kuogelea. Njia ya magharibi, Cozumel, Grand Cayman na Roatán, hupata pepo kali za kaskazini kati ya Novemba na Februari. Grand Cayman haina gati la meli kubwa. Abiria hushushwa kwa boti ndogo, na bahari ikichafuka nahodha huiruka. Wapiga kura wa huko walikataa mradi wa gati Aprili 2025, kwa hiyo boti zitaendelea.

Njia ya kusini ndiyo ya mwenye hofu ya dhoruba. Aruba, Bonaire na Curaçao ziko karibu na pwani ya Venezuela, kusini mwa njia ya kawaida ya vimbunga, na mvua zao ni chache. Hata Septemba uwezekano wa kufika huko ni mkubwa. Lakini asitoke mtu na neno "kamwe". Watu wa Grenada, nayo ya kusini, waliishi karibu miaka 50 bila pigo kubwa, tangu Janet ya 1955, hadi Ivan ilipowaangukia Septemba 2004.

Pia kuna adha ambayo matangazo huificha: mwani wa kahawia. Tangu 2011 mafungu makubwa ya mwani huo huelea kutoka Atlantiki ya kati na kurundikana kwenye fukwe zinazotazama mashariki, Barbados na pwani ya Meksiko zikiwamo. Huanza kuonekana Machi, huzidi kati ya Mei na Agosti, na ukioza hunuka kama yai viza. Msafiri wa Julai hulipa bei ya likizo, akakuta hilo, na juu yake msimu wa vimbunga.

Lini ununue

Mwezi wa kusafiri na mwezi wa kununua ni mambo mawili. Januari hadi Machi kampuni hutoa ofa nyingi, watu wa kaskazini wakiwa kwenye theluji wakitamani jua. Hicho ni kipindi kizuri cha kukamata Krismasi au Pasaka ijayo, maana wiki hizo hazishuki bei kwa kungoja. Kwa wiki tulivu, angalia siku 75 hadi 90 kabla ya safari. Wakati huo malipo ya mwisho hufika, waliosita hujitoa, na vyumba vyao hurudi sokoni.

Bei ya tangazo si bei ya safari. Ongeza kodi na ada za bandari, bakshishi ya dola 16 hadi 20 kwa mtu kwa siku, intaneti, vinywaji na matembezi. Bima inunuliwe mapema, kwa sababu kwa kawaida dhoruba ikishapewa jina mlango wa bima umefungwa kwa dhoruba hiyo. Wasomaji wetu wa Minnesota au Toronto wanaosafiri Januari wafike Florida siku moja kabla. Theluji ya huko inaweza kuahirisha ndege, na meli haimngoji mtu. Walioko Houston wana bahati: Galveston iko mwendo wa saa moja kwa gari, na njia yake ni ya magharibi.

Mwenye watoto wa shule hana uchaguzi mkubwa. Anunue mapema na akubali bei, ila ikiwezekana achague Juni mwanzoni badala ya Agosti. Mstaafu mwenye muda na asiyejali bandari gani atafika, Septemba ya njia ya kusini itamfaa, na akiba yake itakuwa halali kwa sababu ameilipia kwa kukubali kutojua atafika wapi.

Asiyebanwa na chochote kati ya hayo, jibu langu ni wiki mbili za kwanza za Desemba, kuelekea kusini au mashariki. Msimu wa vimbunga umefungwa, mwani umepungua, meli zimesharudi kutoka Ulaya na zinagombania wateja, na watoto wako madarasani. Na pale Philipsburg, St. Maarten, ambako barabara ya maduka iko hatua chache kutoka ufukweni, muuzaji amejaza rafu kwa ajili ya Krismasi baada ya Septemba na Oktoba za kutazama anga. Wiki hizo abiria hupata punguzo bila muuzaji huyo kukosa mteja.