Kopo la Kreatini kwenye Milima ya Buha

Mbeba mizigo anayetoka Makere kwenda Kasulu, mkoani Kigoma, na magunia mawili ya mkaa kwenye keria hafanyi kazi ya aina moja njia nzima. Kwenye tambarare ananyonga taratibu, pumzi imetulia, anapiga soga na mwenzake. Akikaribia mlima anaongeza kasi mapema ili mwendo usimpotee, anasimama juu ya pedeli, anauvuta usukani kifuani, na kwa sekunde nane au kumi baiskeli inapanda kweli. Halafu mapaja yanagoma. Anashuka, anashika fimbo aliyoifunga kwenye usukani, na kuanzia hapo ni kukokota mpaka kileleni.

Kreatini, ule unga mweupe unaosifiwa mitandaoni na vijana wanaopiga chuma, inahusika na sekunde hizo nane au kumi. Kabla yake na baada yake mchango wake ni mdogo sana. Anayeelewa hilo ameshaelewa sehemu kubwa ya habari yenyewe, na hatauziwa kopo kwa maneno matamu.

Msuli haujikunji kwa ugali moja kwa moja. Unajikunja kwa molekuli iitwayo ATP, na akiba ya ATP iliyomo ndani ya msuli ni ndogo ajabu: mtu akinyonga kwa nguvu zake zote, inamtosha kwa sekunde mbili au tatu. Mwili una njia za kuitengeneza upya kutokana na sukari na mafuta, lakini njia hizo huchelewa kushika kasi. Pengo hilo linazibwa na fosfokreatini, yaani kreatini iliyobeba fosfati. Inaitoa fosfati yake papo hapo, ATP inaundwa upya, msuli unaendelea. Ni kama mkopo wa salio kwenye simu: unaupata bila kusubiri, ni mdogo, na ukiingiza pesa unakatwa kwanza. Mtu akipumzika, au akinyonga polepole, mkopo unalipwa. Nusu ya fosfokreatini hurudi ndani ya nusu dakika hivi, na karibu yote ndani ya dakika tatu mpaka tano. Ndiyo maana mbeba mizigo aliyesimama kidogo chini ya kivuli anaweza kuupiga mlima mwingine kwa nguvu ileile, na asiyesimama hawezi.

Jambo hili halikugunduliwa na wauza makopo. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul aliitoa kreatini kwenye nyama mwaka 1832. Mwaka 1847 Mjerumani Justus von Liebig aliripoti kwamba nyama ya mbweha waliouawa baada ya kukimbizwa na wawindaji ilikuwa na kreatini karibu mara kumi ya ile ya mbweha aliyefugwa, akahisi kwamba kitu hiki kina uhusiano na kazi ya msuli. Fosfokreatini yenyewe ilijulikana mwaka 1927, pale Harvard, kwa mikono ya Cyrus Fiske na Mhindi Yellapragada Subbarow, wakati huohuo ambapo watafiti wengine Uingereza nao walikuwa wakiifikia. Kisha ikakaa maabara miaka mingi. Mwaka 1992 Roger Harris na wenzake walionyesha kwamba ukimlisha mtu gramu 5 mara kadhaa kwa siku, kreatini iliyomo kwenye misuli yake inaongezeka. Tangu hapo biashara imeshamiri, na wanasayansi wameipima kreatini kuliko karibu kirutubisho kingine chochote cha wanamichezo.

Si steroidi, wala si homoni. Haimo kwenye orodha ya vitu vilivyopigwa marufuku na WADA, wakala wa dunia wa kupambana na dawa za kusisimua misuli michezoni. Kila mtu anayo mwilini: mwenye kilo 70 ana takriban gramu 120, karibu zote zikiwa ndani ya misuli. Kila siku gramu 2 hivi zinachakaa na kutoka kwenye mkojo. Nusu ya fidia mwili unaitengeneza wenyewe kwa figo na ini, na nusu nyingine inatoka kwenye nyama na samaki.

Hapa ndipo milima ya Kigoma inapokuwa na hadithi yake. Kilo nzima ya nyama ya ng'ombe mbichi ina gramu 4 au 5 za kreatini. Maharage, hata yale ya njano yanayopakiwa kwenye malori kutoka Kasulu kwenda mikoa mingine, hayana. Ugali wa muhogo hauna. Ndizi hazina. Maziwa yana kidogo mno. Kwa kaya nyingi za Buha, yaani nchi hii ya Waha, kinacholeta kreatini mezani siku za kawaida ni dagaa na migebuka kutoka Ziwa Tanganyika, na ukubwa wa fungu la dagaa unajulikana: sufuria moja, watoto sita. Dagaa wenyewe wakianikwa na kupikwa, sehemu ya kreatini hugeuka kuwa kreatinini, ambayo msuli hauna kazi nayo. Kule kwenye kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta, ambako mgao wa chakula kwa miaka mingi umekuwa unga, kunde na mafuta, hali ni hiyo na zaidi.

Utafiti umeonyesha mara nyingi kwamba wasiokula nyama wana akiba ndogo zaidi ya kreatini kwenye misuli, na kwamba wakipewa unga, misuli yao inaunyonya kwa pupa kuliko ya mla nyama wa kila siku. Yule wa mjini anayekula mishikaki kila jioni ameshajaza sehemu kubwa ya ghala lake. Unga unamwongezea kidogo. Mtu ambaye kreatini ingemfaa zaidi katika wilaya hizi ni yule mbeba mkaa, ambaye hana fedha ya kopo. Na akiipata fedha hiyo, ningemshauri anunue dagaa. Dagaa wana protini, chokaa na chuma, vitu ambavyo kopo halina. Tena wana methionini, mojawapo ya asidi amino tatu ambazo mwili unazitumia kujitengenezea kreatini yake. Maharage yana methionini haba, mahindi yanayo zaidi, muhogo karibu hauna protini ya kuhesabu. Kwa hiyo hata anayeshindia maharage hula vizuri zaidi yakienda na ugali wa mahindi kuliko wa muhogo, na vizuri zaidi bado kukiwa na dagaa pembeni.

Sasa tumchukue mtu wa pili, kijana mwenye baiskeli ya mashindano. Mwezi Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kufanyika Afrika, na si mbali sana na Kibondo mkoani Kigoma kwa anayejua kukata mipaka. Wanaume waliendesha kilomita 267.5 za kupanda na kushuka, jumla ya miinuko ikipita mita 5,000. Mslovenia Tadej Pogačar alishinda, na waliomaliza mbio walikuwa 30 tu. Kijana wa Kasulu aliyetazama mbio zile kwenye simu, akaangalia mlima wa Heru Juu na kutamani kuupanda namna ile, anapaswa kufanya hesabu kabla hajanunua unga.

Kreatini ikiingia kwenye msuli huvuta maji. Katika wiki ya kwanza uzito unapanda kilo moja, pengine mbili. Mafuta hayajaongezeka na msuli mpya bado haujajengeka. Ni maji tu. Kwa mbeba mizigo mwenye kilo 60, baiskeli ya kilo 20 na mzigo wa kilo 80, kilo moja ya ziada haifiki asilimia moja ya anachopandisha, hataihisi. Lakini kijana wa mashindano ana kilo 60 zake na baiskeli ya kilo 8. Kilo moja na nusu ya maji ni zaidi ya asilimia 2, na kwenye mlima mkali muda unaongezeka karibu sawasawa na uzito. Mlima aliokuwa akiupanda kwa dakika 20 utamla zaidi ya sekunde 20 za ziada. Na katika dakika hizo zote fosfokreatini inamsaidia kidogo mno, kwa sababu mwendo wa dakika 20 unaendeshwa na oksijeni na wanga. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi na kushinda Tour de France mara nne, alifika huko akiwa mwembamba kama ufito, na haikuwa bahati mbaya.

Kuna mwendesha baiskeli ambaye unga huu unamfaa: wa mbio fupi za uwanjani, au yule anayekaa ndani ya kundi saa nne nzima akisubiri mita 200 za mwisho. Mweritrea Biniam Girmay alishinda hatua tatu za Tour de France mwaka 2024 na kuvaa jezi ya kijani kwa mbio za aina hiyo, za kufyatuka ghafla. Faida ipo pia kwenye mazoezi yenyewe: anayefyatuka mara kumi kwa sekunde kumi kumi, na mapumziko katikati, akiwa na akiba kubwa zaidi anaweza kuitunza nguvu mpaka ule mfyatuko wa nane na wa tisa. Baada ya miezi, mazoezi hayo ya ziada ndiyo yanayojenga. Anayekunywa unga na kulala hapati kitu zaidi ya yale maji.

Kwa mwendo mrefu wa milimani, dawa iliyothibitishwa vizuri zaidi inalimwa hapa hapa. Kahawa. Ardhi ya Manyovu na Buhigwe inatoa kahawa nzuri, ambayo wakulima wengi wanaiuza bila kuionja. Kafeini ya miligramu 3 kwa kila kilo ya mwili, saa moja hivi kabla ya kuondoka, humsaidia mwendesha baiskeli kudumu muda mrefu kwa uchovu mdogo zaidi. WADA iliiondoa kwenye orodha ya marufuku tangu mwaka 2004. Kwa mtu wa kilo 60 ni kama vikombe viwili vya kahawa nzito. Ongeza ndizi kwenye mfuko wa shati na maji ya kutosha, na umeshampita mwenye kopo. Sisemi hivi kwa uzalendo wa kimkoa. Ndivyo vipimo vinavyosema.

Hofu kubwa ya watu ni figo. Mwaka 1997 wanamieleka watatu wa vyuo vya Marekani walikufa ndani ya wiki chache wakijitahidi kupunguza uzito, na minong'ono ya kwanza ikaiangukia kreatini. Uchunguzi ulikuta sababu nyingine: walikuwa wakifanya mazoezi kwenye joto wakiwa wamevaa nguo zisizopitisha hewa, huku wakijinyima maji. Kwa mtu mzima mwenye figo nzima, miaka ya utafiti haijaonyesha madhara kwa dozi za kawaida. Mwenye ugonjwa wa figo, kisukari kilichomletea matatizo au shinikizo la damu asiguse bila daktari. Wajawazito na wanafunzi wa sekondari nao waache. Kwa hao wa sekondari, chakula na usingizi ndivyo vinavyopungua.

Kinachonipa wasiwasi zaidi kwa watu wa baiskeli ni diklofenaki, ile dawa ya maumivu. Mbeba mizigo anayeumwa mgongo humeza kidonge asubuhi, kingine jioni, siku nenda siku rudi, na katikati ameendesha saa tano juani kwa nusu lita ya maji. Dawa hiyo hupunguza damu inayofika kwenye figo, na upungufu wa maji nao unafanya vivyo hivyo. Vikikutana, figo zinaumia kwelikweli, na hakuna anayeishuku dawa kwa sababu iko duka la dawa la karibu na haina sifa mbaya mitandaoni.

Kama umeshanunua kopo, tafuta lililoandikwa kreatini monohidreti peke yake. Zile zenye majina ya kutisha na viungo kumi na tano haziongezi kitu juu ya hiyo, ila bei na mashaka ya kilichochanganywa ndani, na mwanamichezo akikutwa na kitu kilichokatazwa anawajibika mwenyewe, hata kama lebo ilimdanganya. Gramu 3 mpaka 5 kwa siku, kijiko cha chai kilichosawazishwa, zinatosha. Wapo wanaoanza na gramu 20 kwa siku, wakizigawa mara nne, kwa siku tano au saba. Ghala linajaa haraka, na tumbo la wengine linaharisha. Gramu 3 kila siku zinafika palepale baada ya wiki nne hivi. Koroga kwenye uji wa vuguvugu, kunywa pamoja na chakula, na unywe maji.

Na siku ukienda hospitali ya wilaya kupimwa figo, sema mapema kwamba unatumia. Kipimo wanachokitumia ni kiwango cha kreatinini kwenye damu, yaani ule uchafu unaotokana na kreatini kuchakaa, na kwa mtumiaji wa unga hupanda kidogo bila figo kuwa na shida yoyote. Fundi wa maabara anaona namba tu. Daktari asiyeambiwa anaweza kukuandikia rufaa ya kwenda Kigoma mjini au hospitali ya Bugando kule Mwanza, na nauli ukailipa wewe.