Ganda na Uchawi: Juu ya Kuzitaja Nguvu Najisi kwa Kiswahili

Mwezi wa Agosti 1905 maji ya dawa yalivuka mto Mbwemkuru kutoka pande za Umatumbi na Liwale, yakawafikia Wamwera wa nchi ambayo leo ni Nachingwea na Ruangwa. John Iliffe, katika makala yake ya mwaka 1967, alionyesha kuwa hongo, yaani wajumbe wa maji hayo, hawakuahidi kinga ya risasi tu, bali pia kuwasafisha watu na uchawi. Wadachi nao waliwahesabu wajumbe hao hao kuwa wachawi. Jambo moja likapata majina mawili yapinganayo.

Mkanganyiko huo haukwisha pamoja na utawala wa Wadachi. Sheria ya Uchawi ya Tanganyika ya mwaka 1928 yakusanya chini ya neno moja ulozi, vyombo vya uchawi, na hata kudai tu kuwa na nguvu au elimu ya siri. Hivyo mganga na mchawi watiwa kapu moja. Wasemaji wa Kiswahili huwatenga: katika Swifa ya Nguvumali, utenzi wa Hasani bin Ismail uliochapishwa Oxford mwaka 1968, mganga ndiye shujaa, na kazi yake ni kuwafichua wabaya.

Tahadhari hii yamhusu pia atakaye kufasiri Kabala, elimu ya siri ya Kiyahudi. Humo nguvu najisi huitwa kelipoti, neno la Kiebrania lenye maana ya maganda. Isaac Luria, aliyefariki Safed mwaka 1572, alifundisha kwamba vyombo vilivyopokea nuru ya Mungu vilivunjika, na cheche zake zikanaswa ndani ya maganda. Ganda halina uhai wake lenyewe. Huishi kwa cheche lililoishika. Kazi ya mtu ni kuikomboa cheche hiyo kwa sala na kwa kutimiza amri.

Wafuasi wa elimu za siri wa Ulaya waliligeuza fundisho hili. Chama cha Golden Dawn, kilichoanzishwa London mwaka 1888, kiliyapanga maganda kuwa safu za mashetani. Na Kenneth Grant, katika Nightside of Eden ya mwaka 1977, akayafanya njia za kupitiwa na mwanafunzi. Ganda likawa mti wenye mizizi yake.

Kiswahili chaweza kuihifadhi tofauti hiyo. Shetani na pepo ni viumbe. Uchawi ni tendo la mtu mwenye nia. Lakini unajisi ni hali, na chombo kilichonajisika hutoharishwa kikabaki chombo. Basi afasiriye kelipoti kwa "mashetani" amekwisha kufuata rai ya London, na asemaye "uchawi" amewatafutia maganda mtu wa kulaumiwa. "Maganda najisi" ni maneno yaliyo karibu zaidi na asili.

Wala hili si shauri la kamusi peke yake. Katika Tanzania wazee, hasa wanawake, wameuawa kwa kuitwa wachawi tu. Neno lisilopimwa lina gharama, na mwenye kulilipia mara nyingi si yule aliyelitamka.