Uteuzi wa Sehemu za Kompyuta ya Gharama Nafuu kwa Ajili ya Seva Pepe

Seva pepe ni kompyuta ya kiprogramu inayoendeshwa ndani ya kompyuta halisi. Katika kuteua sehemu za kompyuta hiyo halisi, wanunuzi wengi hutanguliza kasi ya kichakataji, ilhali kikwazo cha kwanza kwa kawaida huwa kumbukumbu ya RAM. Sababu ni kwamba seva pepe huweza kupokezana viini vya kichakataji, kwa kuwa aghalabu hukaa muda mrefu bila shughuli. Kumbukumbu, kwa upande wake, huendelea kushikiliwa hata seva isipofanya kazi. Kwa mfano, kompyuta yenye gigabaiti 16, baada ya kutenga 4 kwa mfumo endeshi mwenyeji, hubeba seva tatu tu za gigabaiti 4 kila moja, hata ikiwa na viini 8.

Kwa hiyo, ubao mama wenye nafasi 4 za kumbukumbu unafaa kuliko wenye 2. Kichakataji cha bei ya kati kinatosha, mradi kiwe na teknolojia ya VT-x au AMD-V. Fedha inayookolewa inunue diski mbili zenye nakala sawa, kwani diski ikiwa moja, kuharibika kwake huangusha seva zote kwa pamoja.