Nguzo za Chuma: Zege Lipi Linafaa Kuzisimamisha?

Nguzo ya geti au ya uzio inapolala, lawama hupewa chuma au upepo. Mara nyingi kasoro huwa chini ya ardhi: zege lilikuwa na saruji kidogo na maji mengi, au kutu imekila chuma pale kinapoingia kwenye zege. Watoto hupenda kuning'inia kwenye mageti, na geti la bati nzito linaloanguka na nguzo yake linaweza kuua.

Saruji inayouzwa katika maduka yetu huandikwa 32.5 au 42.5 kwenye mfuko. Namba hizo huonesha nguvu inayotarajiwa saruji ikipimwa baada ya siku 28. Kwa uzio wa waya, 32.5 inatosha, kwa nguzo inayobeba geti zito, 42.5 ni chaguo bora. Mfuko ambao tayari una mabonge magumu usinunuliwe hata ukipunguzwa bei.

Mchanganyiko unaofaa ni wa moja kwa mbili kwa nne. Kwa mfuko mmoja wa kilo 50, pima ndoo tatu na nusu za mchanga safi na ndoo saba za kokoto za robo tatu inchi, kwa ndoo ya lita 20. Kiasi hicho hujaza karibu mashimo matatu yenye upana wa sentimita 30 kila upande na kina cha sentimita 60. Mchanga wa ufukweni usitumike kabisa, kwa kuwa chumvi yake huharakisha kutu.

Penye makosa mengi ni kwenye maji. Mfuko mmoja huhitaji takribani lita 25, yaani ndoo moja na robo, na pungufu ya hapo ikiwa mchanga umelowa. Baadhi ya mafundi hupenda zege la uji kwa sababu humiminika bila jasho. Hata hivyo, maji ya ziada yakishakauka huacha vitundu vingi, na zege hubaki dhaifu hata kama saruji ilikuwa ya daraja la juu. Zege sahihi huwa zito kulikoroga. Lishindiliwe kwa kipande cha nondo hadi mapovu ya hewa yaishe.

Kina cha shimo kisipungue theluthi moja ya urefu wa nguzo utakaoonekana juu. Nguzo ya mita 1.8 juu ya ardhi itahitaji sentimita 60. Kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, unaovimba wakati wa mvua na kupasuka kiangazi, chimba zaidi.

Zege lipande sentimita tano juu ya ardhi, nalo lipewe mteremko kutoka kwenye nguzo ili maji ya mvua yasituame pale. Bomba lililo wazi juu lizibwe.

Baada ya kumwaga, lifunike zege kwa magunia na kulimwagilia kwa siku saba. Geti lisifungwe kabla ya siku hizo kupita, hata kama zege linaonekana kavu.

Anayekusudia kuchimba karibu na barabara afike kwanza ofisi ya Mtendaji wa Kata, aelekezwe namna ya kuthibitisha mpaka wa hifadhi ya barabara na njia za mabomba ya maji. Nguzo iliyosimamishwa ndani ya hifadhi inaweza kuamriwa kuondolewa kwa gharama za mwenyewe.